Risiti ya Mbuzi

Shangazi yangu wa Lamu hakuwahi kukaa darasani, lakini pesa za simu anazijua kuliko karani wa benki. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, nikimtumia shilingi elfu mbili, simu haijarudi mfukoni ameshanipigia: kunishukuru, kuniombea dua na kuniuliza mbona mwezi huu ni kidogo. Hakuna anayetaka kujua mimi na yeye tulijuana wapi. Hakuna anayemwambia alete cheti cha ushangazi.

Sasa chukua pesa hizo hizo, zitie mkononi mwa mtu anayeitwa Mohamed, mtu huyo muweke Uingereza, halafu mwambie azitume Mombasa. Hapo ndipo utakapojua kwamba pesa nazo zina dini, au angalau wapo wanaoamini hivyo.

Mkwe wangu anaitwa Mohamed. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala huko Birmingham, anapakia maboksi ya watu wasiotaka kutoka nyumbani kwenda kununua soksi. Ni kijana mpole, hajawahi kunipandishia sauti wala kunikatia simu. Binti yangu alikuja kwetu kujifungua, maana mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa mamake, na alhamdulillahi akajaliwa mtoto wa kiume. Akika, ile sadaka ya kuchinja mtoto anapozaliwa, kwa mtoto wa kiume ni mbuzi wawili, na hao mbuzi ni juu ya baba yake. Simu ikaja.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Pesa za mbuzi nishatuma. Zitaingia leo leo, inshallah.”

Leo ikapita, na kesho yake ikapita. Kilichoingia ni maswali.

Kampuni iliyozishika pesa sitaitaja, maana nina wajukuu wengine njiani. Swali lake la kwanza lilikuwa pesa ni za nini. Mkwe wangu, aliyelelewa kusema kweli, akaandika: mbuzi wawili. Je, mpokeaji anafanya biashara ya mifugo? Hapana, ni mambo ya ibada, mtoto amezaliwa. Ibada hiyo inasimamiwa na taasisi gani, na taasisi imesajiliwa wapi? Haina taasisi, ina bibi na shoga zake na masufuria ya kuazima. Mpokeaji ni nani kwako? Baba wa mke wangu. Thibitisha.

Akatuma cheti cha ndoa. Wakakikodolea macho, wakarudi na jambo zito: jina la mwisho la mke si jina la mwisho la baba yake. Fafanua.

Hebu wewe uliyezaliwa pwani nisaidie kumfafanulia mtu wa kule. Sisi jina la tatu ni la babu. Mimi natumia la babu yangu, binti yangu anatumia la babu yake, ambaye ni baba yangu, na kila kizazi majina yanasogea hatua moja mbele kwa adabu bila kusukumana. Fomu yao haina mahali pa babu. Ina kijisanduku kimoja cha jina la ukoo, na chochote utakachokitia humo wanakiamini milele. Kwa hivyo babu yangu marehemu, aliyekufa kabla ya Uhuru na ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Pemba kuchuma karafuu, hivi sasa ana faili Ulaya.

Mwisho wakataka ankara ya mbuzi. Iwe kwenye karatasi yenye anwani ya muuzaji, nambari yake ya usajili, bei ya kila bidhaa na muhuri.

Nikaenda sokoni. Muuza mbuzi ni mfugaji anayeshusha mifugo yake kutoka Tana River, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Nikamweleza shida yangu. Akanitazama, akawatazama mbuzi, akanitazama tena.

“Mzee, unataka kumnunua mbuzi au kumwajiri?”

Nikamwambia si mimi, ni watu wa Uingereza. Akasema basi waje wamchague wenyewe. Baada ya kubembelezwa sana aliokota karatasi ya pakiti ya unga, akaomba kalamu, akaandika: “Mbuzi 2. Wazima.” Muhuri hakuwa nao, akapiga dole gumba. Mkwe wangu akaituma picha yake kule. Jibu likaja kwamba hati haikidhi vigezo. Mbuzi wawili, wazima, wana mtu wa kuwashuhudia kwa kidole chake mwenyewe, na bado hawakidhi vigezo!

Huku nyumbani nako moto ulikuwa unawaka. Mke wangu haamini mambo ya mashine. Yeye anaamini kwamba mwanamume asiyeleta mbuzi hana mbuzi.

“Kama hana, si aseme hana,” akanena, huku akikunja nguo ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. “Na mahari nayo yalikuja nusu nusu.”

Nikamtetea kijana. Nikamwambia pesa zimezuiliwa kwa sababu ya jina. Akaniuliza jina gani. Nikamwambia Mohamed. Akacheka mpaka akakaa chini. Mtaani kwetu ukiliita jina hilo kutoka barazani, watageuka muuza kahawa, fundi wa baiskeli, watoto wote wa chuoni na mmoja aliye juu ya mnazi. Kwa mke wangu, kumshuku mtu kwa kuitwa Mohamed ni sawa na kutomshuku yeyote. Ndiyo, mama, nikamwambia, na hilo ndilo ninalolalamikia.

Maana nimeuliza huku na huku nijue mashine hiyo inafanya kazi vipi. Kila kampuni ya fedha inatakiwa ilinganishe majina ya mtumaji na mpokeaji na orodha za watu waliowekewa vikwazo. Ipo orodha ya Umoja wa Mataifa iliyozaliwa na azimio nambari 1267 la mwaka 1999, ipo ya Wizara ya Fedha ya Marekani, Waingereza wana yao, na makampuni binafsi yamekusanya zote na kuongeza za kwao. Kwa kuwa majina yetu kila karani huyaandika kwa herufi za Kizungu apendavyo, mashine imefunzwa kukamata na yanayokaribiana: Mohamed, Mohammed, Muhammad, hata Mahmoud akipita karibu. Kampuni ikimpitishia pesa asiyestahili, faini yake ni ya kuvunja mgongo. Ikimzuilia asiye na kosa, haitozwi hata senti moja. Wewe ungekuwa karani ungebonyeza wapi?

Chuoni tulikuwa na ustadh mmoja wa namna hiyo. Akisikia Mohamed kavunja taa ya msikiti, hakuwa na muda wa kuuliza yupi. Aliwapanga akina Mohamed wote mstari mmoja, akawachapa kuanzia wa mwanzo mpaka wa mwisho, na kwa hesabu yake mkosaji hakuponyoka. Ila ustadh yule alimaliza kazi kabla ya adhuhuri, tukaenda kula. Hawa wa mtandaoni wanachapa kwa siku za kazi, na Jumamosi na Jumapili fimbo inapumzika.

Msiniambie haya ni ya mkwe wangu peke yake. Mwaka 2006, alipokuwa bado anavaa kaptula ya shule, shirika la habari la Associated Press liliripoti kutoka Dubai kwamba kampuni za kutuma fedha, Western Union ikiwemo, zilikuwa zikichelewesha au kuzuia maelfu ya malipo kwa sababu tu mtumaji au mpokeaji ana jina kama Mohammed au Ahmed. Maofisa wa kampuni wenyewe ndio waliosema hivyo. Dubai, jamani! Mji ambao ukiwaondoa akina Mohammed na Ahmed, hakuna wa kuendesha teksi, hakuna wa kupandisha ghorofa, na hakuna wa kumiliki hiyo teksi na hiyo ghorofa.

Hata mbwa hajasalimika. Mwaka 2016 mtu mmoja wa San Francisco alimlipa kupitia benki yake anayemtembeza mbwa wake, akaandika kwenye maelezo jina la mbwa: Dash. Kompyuta ya benki ikasoma Daesh, lile jina la Kiarabu la kundi la Dola la Kiislamu, na malipo yakazuiliwa. Nilipomsimulia mkwe wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Baba, yule mbwa angalau aliandikwa gazetini.” Ni kweli. Mbwa wa Marekani akizuiliwa pesa, ni habari. Mohamed akizuiliwa, ni Jumanne.

Na kuna waliozuiliwa mpaka wakafa njaa ya biashara. Novemba 2001 Marekani iliifungia Al-Barakaat, kampuni ya Wasomali iliyokuwa ikipeleka pesa za walio ughaibuni kwa mama zao katika nchi isiyokuwa na benki hata ya kubahatisha. Waliambiwa wanamlisha Osama bin Laden. Baadaye wachunguzi wa tume ya Marekani yenyewe, ile iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, waliandika kwamba madaftari yake yalipekuliwa na haukupatikana ushahidi kwamba ilifadhili Al-Qaeda. Kampuni ilikuja kutolewa kwenye orodha miaka mingi baadaye, duka limeshafungwa na wateja wameshatawanyika.

Sisi Kenya nasi tulionja. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao vijana waliokuwa bado wamelala. Nani hakulia? Siku chache baadaye serikali ilizisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha, nyingi zikiwa za Wasomali, na mwezi wa Juni zikaruhusiwa kurudi kazini. Katika ile miezi kati ya Aprili na Juni, mama wa Eastleigh au Garissa aliyekuwa akisubiri pesa za mwanawe aliyeko Minneapolis alikula nini, sijaona palipoandikwa. Tangu Februari 2024, nchi nzima ilipotiwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, wale wasimamizi wa kimataifa wa mambo ya kutakatisha fedha, hata mtu aitwaye Kamau ameanza kuulizwa maswali. Karibu, Kamau. Sogea, kibarazani nafasi ipo.

Ugaidi upo, sikatai, na pesa zake lazima zitafutwe. Lakini hebu tuwatazame wale wanaosakwa kwa jina na wale wanaopokewa kwa heshima. Mwaka 2012 benki ya HSBC ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 kumaliza kesi ya Marekani, baada ya magenge ya dawa za kulevya ya Mexico kupitishia humo mamia ya mamilioni ya dola. Waendesha mashtaka walieleza kwamba wafanyabiashara wa dawa hizo walitengeneza masanduku ya pesa yaliyopimwa yaingie sawasawa kwenye dirisha la karani. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Mtu anakuja na seremala! Anapima dirisha, anaranda mbao, anarudi kesho na sanduku la noti, linateleza ndani bila kugusa fremu. Hakuna aliyemuuliza sanduku ni la ibada gani. Na katika wakubwa wa benki hakuna aliyefungwa.

Miaka miwili baadaye, benki hiyo hiyo ikauandikia barua Msikiti wa Finsbury Park, London, kwamba inaifunga akaunti yao kwa sababu hatari yake imepita kiasi ambacho benki inaweza kukistahimili. Benki iliyostahimili masanduku ya Mexico haikustahimili sadaka za Ijumaa. Wenye msikiti wakafuatilia, wakagundua kwamba wamo katika orodha iitwayo World-Check, ambayo mabenki hulipia kuitazama, na humo wametiwa fungu la ugaidi. Wakashtaki. Mwaka 2017 Thomson Reuters, waliokuwa wamiliki wa orodha hiyo, wakaomba radhi na kuwalipa pauni 10,000. Mimi nina swali moja tu kwa imamu wa Finsbury Park: zilitumwa kwa njia gani, na zilikuchukua siku ngapi kuzipata?

Turudi kwa mbuzi. Dini yetu katika jambo la akika ina subira. Ikikupita siku ya saba, kuna ya kumi na nne. Ikikupita hiyo, kuna ya ishirini na moja. Ya saba ilitupita tukiwa bado tunatafuta muhuri. Jirani akanishauri niachane na makampuni, nimwambie kijana ampe pesa mtu wa hawala, ambaye atapiga simu kwa mwenzake wa huku, na jioni ninazo mkononi. Wazee wetu waliofanya biashara na Maskati na Bombay walilipana hivyo kwa karne nyingi, na mali ilifika. Lakini siku hizi ukitaka kuingia kwenye orodha hasa, kwa miguu yako mwenyewe, jaribu kueleza kwamba pesa zako zimepita kwa mtu ambaye ana simu na uaminifu tu. Wanaifunga njia yenye risiti, kisha wanashangaa kukuta njia isiyo na risiti ina foleni.

Mkwe wangu akapiga simu huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu akapokewa na kijana mwenye sauti ya upole, akajitambulisha kwamba anaitwa Ahmed. Mkwe akaona faraja imekuja. Akaeleza yote: mtoto, mbuzi, pakiti ya unga, babu. Yule Ahmed akaguna, akashusha sauti.

“Ndugu yangu, nakuelewa kabisa. Mimi mwenyewe pesa za mama yangu ziko hapa hapa. Anakaa Sylhet, Bangladesh. Zinachunguzwa.”

“Si unafanya kazi hapo hapo?”

“Ndiyo. Nimejiandikia malalamiko, nimejijibu kwamba tunayashughulikia.”

Siku ya kumi na nne ilipokaribia nilirudi kwa muuza mbuzi, mikono mitupu, nikiwa nimejiandaa kwa aibu. Hakutaka barua. Aliniuliza jina langu, nikamtajia. Akauliza la baba, nikamtajia. Akauliza la babu. Nilipolitaja alitikisa kichwa taratibu, akasema mzee huyo baba yake alikuwa akimtaja, walikuwa wakiuziana samli. Akafungua kamba, akanipa mbuzi wawili wa deni. Majina matatu yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kule Ulaya yalizuia pesa, hapa sokoni yakawa dhamana, tena mbele ya mtu asiyekuwa na kompyuta wala kiti.

Tukachinja, tukasoma, pilau ikaliwa mpaka na wasioalikwa. Mke wangu alimsifu mkwe wake mbele ya shoga zake kwamba ni mtu wa ahadi, nami nikanyamaza, maana ndoa ya mtu ni bora kuliko ukweli wangu.

Pesa ziliingia baadaye kabisa, mifupa ya mbuzi ikiwa imeshazikwa. Ada walishakata yote tangu siku ya kwanza, na ya kuchelewesha hawakurudisha. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 gharama ya kutuma pesa nyumbani iwe chini ya asilimia 3. Ni lengo zuri, lakini siku zilizopotea zinakatwa asilimia ngapi? Pamoja na pesa hizo ulikuja ujumbe wa kumshukuru mkwe wangu kwa kuwachagua, na wakamwomba awape nyota, moja hadi tano. Akaniuliza awape ngapi. Nikamwambia awaulize kwanza nyota hizo ni za nini, zimesajiliwa wapi, na nani atazithibitisha.

Nina tumaini moja. Ofisi ya takwimu ya Uingereza ilitangaza kwamba jina lililoongoza kwa watoto wa kiume waliozaliwa England na Wales mwaka 2023 ni Muhammad. Hao watakua. Miaka ishirini na kitu ijayo watakuwa makarani, mameneja, wakuu wa kitengo cha uchunguzi, na mwisho wa mwezi mashine italazimika kuuzuia mshahara wa yule aliyeiwasha asubuhi. Mimi huenda nisiwepo, lakini mjukuu wangu atakuwepo, na pengine atakuwa na mtu wa kumtumia pesa. Tumemwita Ali. Nawajulisha mapema, ili waanze uchunguzi sasa hivi.